Maneno Sitini Kabla ya Habari

Mwezi uliopita tulimzika yaya Masika, dada yangu mkubwa. Sukari ilikuwa imemsumbua miaka mingi, na safari hii haikumwachia. Siku ya tatu ya matanga, wanawake wakiwa wamekaa kwenye mikeka wakichagua mchele, pikipiki ilisimama mbele ya parsele, yaani kiwanja chetu, na mama mmoja akashuka, mfuko wa maharagwe umefungwa nyuma ya kiti. Hakuuliza jikoni ni wapi. Alipita moja kwa moja nyuma ya nyumba, akalia kidogo, akajifunga kitenge kiunoni, akashika kisu na kuanza kumenya vitunguu. Vijana wa familia, ambao siku hizi wanajua kila kitu isipokuwa watu, wakaja kuniuliza huyu mama ni nani kwetu. Nikawaambia: "Ni mama yenu mukubwa wa Kalengera." Wakatosheka, wakarudi kwenye simu zao. Mimi sikutosheka. Nimezoea kufupisha mambo, nilifundishwa kazi hiyo nikiwa msichana, lakini jibu lile lilikuwa limeacha nje mwaka mzima, na mwenye mwaka huo ndiye tuliyekuwa tumetoka kumzika. Bora niuandike, hata kama utanila kurasa.

Nilikuwa nimepata diploma yangu ya sekondari Butembo, nikateremka Goma kukaa kwa yaya mpaka mambo ya shule ya juu yajulikane. Nyumba yake ilikuwa mtaa wa Mabanga, ya mbao, imesimama juu ya mawe meusi ya volkano ambayo mwenye parsele hakujisumbua kuyasawazisha, kwa hiyo meza iliwekewa kipande cha tofali chini ya mguu mmoja, na kitanda changu kiliinamia ukutani. Vyumba vilikuwa viwili: cha yaya na mume wake, na sebule, ambamo nililala mimi. Kila kitu kilinuka sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, kwa sababu yaya aliwanunua sokoni Kituku asubuhi mapema na kuwauza mbele ya mlango hadi jioni. Redio ya betri ilining'inia kwenye msumari, na haikuzimwa mpaka tulale. Shemeji Kambale sikumkuta. Alikuwa mchuuzi wa maharagwe, mtu wa njia ya Rutshuru, na tangu mvua za kwanza alikuwa amepanda gari kwenda kununua mzigo na hajarudi. Ukipiga simu yake, sauti ya mwanamke wa kampuni ilikuambia, kwanza kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, kwamba namba haipatikani. Yaya alimchukia yule mwanamke kama mtu anayemjua kwa sura.

Kwetu, mwanamke ambaye mume wake ameondoka bila neno ana kazi moja, nayo ni kukutwa nyumbani. Akifunga mlango akaenda zake, hata kwa biashara ya siku mbili, wakubwa wa upande wa mume watasema ni yeye aliyeiacha ndoa, na hakuna atakayemsikiliza tena. Kwa hiyo yaya alikaa. Wanawake wa jirani waliokuwa wakipanda kila wiki kwenda Rutshuru kutafuta maharagwe walimwita mara nyingi aende nao, maana alijua kuchagua na kubishana bei kuliko huyo mume. Alikataa. Alisema Kambale akirudi atakuta nani. Kituku alikwenda mbio na kurudi mbio, beseni kichwani, na kabla hajatua mzigo aliniuliza kama kuna mtu amepita. Niliyaona haya kila siku na yaliniudhi, si kwa sababu ya desturi, desturi nilizaliwa nimezikuta, bali kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia kama anamngojea mume au anangojea hewa.

Mimi nilikuwa na shughuli yangu. Kulikuwa na redio moja mjini, si kubwa, ambayo kabla ya habari za mchana ilisoma matangazo ya watu, yale tunayoita komunike: fulani amefariki, fulani amepoteza karatasi zake, familia ya fulani inaombwa kufika bila kukawia. Kati ya komunike na habari palibaki nafasi ndogo, na Muzee Anselme, mwalimu wa zamani wa Kifaransa aliyetoka upande wa Bukavu, aliiomba nafasi hiyo akapewa. Akaijaza hadithi. Hadithi moja kila siku ya kazi, maneno sitini, si zaidi. Sitini hayo hayakutoka kwenye kitabu chochote. Yalitoka kwa Trésor, fundi wa mitambo, ambaye saa ya habari ikifika alikata maikrofoni hata kama mtu yuko katikati ya sentensi, na Muzee Anselme alisoma polepole kama anayewapa wanafunzi imla. Alijaribu themanini, akakatwa. Alijaribu sabini, akakatwa mwisho kabisa, msikilizaji asijue kama mgonjwa alipona. Ndipo akatangaza sitini kana kwamba ameshuka nayo mlimani. Jumamosi tulikutana naye, vijana wachache, katika chumba cha komunike, kwenye mabenchi ambayo wiki nzima yalikaliwa na wafiwa.

Hadithi yangu ya kwanza ilikuwa ya binti anayerudi kwa mama yake baada ya miaka mingi. Muzee Anselme aliisoma, akavua miwani, akasema: "Kavira, watu wako wanasalimiana vizuri sana. Muda umekwisha." Ni kweli. Walikuwa wameulizana habari za safari, za shamba, za wagonjwa na za majirani, na hadithi yenyewe haijaanza. Nikaondoa salamu zote, ikasomwa. Jioni ile wateja wa sambaza, bila kujua kwamba mwandishi amekaa nyuma ya pazia akimenya viazi, walimwambia yaya kwamba redio siku hizi inaleta watu wasio na adabu, binti anaingia nyumbani kwa mama aliyemzaa na kuanza kusema tu, labda alikuwa amelogwa. Mmoja alisema ndiyo maana, huyo binti alikuwa amekwisha kufa, ni kivuli chake kilichoingia. Walikubaliana hivyo na wakaipenda hadithi kuliko nilivyoiandika. Tangu hapo niliacha salamu moja mlangoni.

Nimeandika mambo marefu tangu wakati ule, mengine yamechapwa, na bado nadhani kila ninachokijua nilikipata kwenye mabenchi yale. Muzee Anselme hakutaka tuseme kwamba hadithi fupi ni ndefu iliyopunguzwa. Alisema ni kuchungulia kupitia ufa wa ukuta wa mbao: huoni nyumba, unaona mkono unaoweka sahani, na mkono huo lazima utoshe. Majina alituzuia, kwa sababu yanakula nafasi na katika mji wetu kila jina lina ukoo nyuma yake unaoweza kuja kulalamika. Tukaandika "mwanaume mmoja", "mama mmoja". Sababu pia alituzuia. Ukianza kueleza kwa nini, alisema, Trésor atakukata kabla hujafika kwenye nini. Sikuelewa wakati ule kwamba ukiondoa jina na sababu, unaacha mlango wazi, na huwezi tena kuchagua nani anaingia.

Katikati ya mwaka, mke wa dereva mmoja, akiwa anachagua sambaza, alimwambia mwenzake kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika kwamba Kambale ameonekana Kalengera, ana chumba pale kando ya barabara ya Rutshuru, na hakai peke yake. Yaya aliendelea kupima samaki. Akampa hata matabishi, ule mkono mmoja wa kuongeza juu ya bei, kama mteja mwema. Jioni tulikula bugali na sombe, majani ya muhogo, taa ya mafuta katikati, na nilipodhani amemaliza akaniuliza, macho yakiwa kwenye sahani, kama redio yetu inashika Kalengera. Nikamwambia inashika hata Rutshuru.

"Basi uniandikie hadithi moja," akasema. "Moja tu, ya kwake."

Nilimwambia kama anataka kumwita mume, kuna komunike, nitamwandikia bure. Aliniangalia kama mtoto aliyeuliza swali la aibu mbele ya wageni. Komunike ingetaja jina la Kambale na la baba yake na la mtaa, mji mzima ungejua, na hata kama alikuwa na nia ya kurudi, mwanaume gani anarudi akiwa ameitwa hewani kama mbuzi aliyekata kamba. Kumfuata Kalengera ndiyo kabisa: akimkataa mlangoni kwa mwanamke mwingine, mbele ya watu, mambo yamekwisha. Hadithi ilikuwa kitu kingine. "Hadithi haina mwenyewe," yaya alisema. "Mwenye kujijua atajijua."

Ilituchukua wiki nzima ya kugombana. Siku ya kwanza alisema na mimi nikaandika: jinsi alivyomuuguza mama mkwe mpaka siku ya mwisho, jinsi alivyouza vitenge vyake vya ndoa ili Kambale apate kununua mzigo wa kwanza, maneno ya mawifi, viatu, uongo wa Pasaka, kila kitu. Nilipohesabu, kurasa zilikuwa zimejaa na Kambale hata hajatoka nyumbani. Nikamwambia achague jambo moja. Akasema hasira yake ni jambo moja. Nikamwambia hasira kila mwanamke wa Goma anayo, Kambale ataisikia na kudhani ni ya jirani. Anitajie kitu ambacho huyu mwanaume anafanya na mwingine hafanyi. Alifikiri akikuna masizi ya sufuria. Halafu akacheka, kwa mara ya kwanza tangu nifike pale. Akanieleza kwamba Kambale hamalizi bugali. Hubakiza tonge moja, hulifunika, na kusema ni la mgeni, alivyomwona babu yake akifanya. Mgeni hakuja hata siku moja. Asubuhi yaya alilila yeye, na tangu mume aondoke alijikuta anabakiza tonge mwenyewe, mkono ulikuwa umezoea. Alipofika hapo akaacha kucheka. Akalia, na mimi nikaandika, na sikuona haya kuandika, kwa sababu nilijua tumepata.

Ilibaki shida moja ya ufundi. Nilihitaji mtu wa kuuliza swali, la sivyo mwanamke angebaki anasema na sahani. Nikaweka mtoto. Yaya hakuwa na mtoto, na hilo ndilo jambo pekee ambalo hatukuligusa nyumbani mle, hata kwa utani. Aliposoma karatasi aliweka kidole hapo.

"Sina mutoto," akasema.

"Najua, yaya. Ni wa hadithi. Lazima mutu aulize."

Akanirudishia karatasi. "Basi umuache. Aulize."

Hii hapa, kama ilivyosomwa. Ninaijua kwa kichwa:

Mwanaume mmoja, kila akila, alibakiza tonge la mwisho la bugali. Alilifunika kwa sahani. "Ni la mugeni," alisema. Mugeni hakuja kamwe. Asubuhi mke wake alilichoma kwa makaa, akalila na chai, akicheka peke yake. Siku moja mwanaume alisafiri. Jioni mke alikula, akabakiza tonge la mwisho, akalifunika kwa sahani. Mtoto aliuliza: "Mama, ni la nani?" Mama akasikiliza barabara kwanza. Halafu akasema: "La mugeni."

Muzee Anselme hakuniuliza ni ya nani. Aliipitisha bila kugusa neno, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia wala hakulirudia. Siku ya kusomwa tulisimama chini ya redio, yaya na mimi, mikono ina magamba ya samaki, na tangazo la mwisho la kifo lilipokwisha sauti ya muzee ikaanza, taratibu, nami moyo ulikuwa ukimwomba Trésor awe mtu mwema siku hiyo tu. Hakukata. Zikaja habari. Yaya akaenda kuoga, akavaa kitenge kizuri, na jioni akapika chakula cha watu watatu. Kesho yake hivyo hivyo. Wiki nzima alipika cha watatu, alitandika kitanda mara mbili kwa siku, na kila gari zito lililopunguza mwendo lilimfanya anyamaze. Nilimhurumia mpaka nikamkasirikia. Wakati huo huo watu walikuwa wanaidai hadithi ile. Mteja mmoja aliapa kwamba ni mjomba wake. Mwanaume mmoja alifika redioni kuuliza ni nani anayechungulia nyumbani kwake, na Muzee Anselme alifurahi kama mtu aliyepewa mjukuu. Kambale peke yake ndiye aliyekuwa kimya.

Wiki ya pili, mchana, Trésor mwenyewe alikuja Mabanga akiongozana na mwanamke mwenye vumbi la safari mpaka kwenye nyusi, ameshika mtoto wa kike mkono. Alikuwa ameketi kwenye benchi la wafiwa tangu asubuhi, wakadhani amefiwa, kumbe anamtaka mwandishi. Trésor alituonyesha kwake akarudi kazini. Mwanamke akasalimu kama inavyopaswa, yaya akampa kiti, akampa maji, akamuuliza habari za njia. Alisema anaitwa Riziki, anatoka Kalengera. Niliona mkono wa yaya ukisimama juu ya kikombe. Mtoto alikuwa amekwisha kuketi kizingitini, amepewa sambaza wa kukaanga, anakula kuanzia kichwani.

Riziki akanigeukia. "Ni weye uliandika ile ya mugeni?"

Nikasema ni mimi.

"Nani alikuambia mambo ya nyumba yangu?"

Nikamwambia hakuna aliyeniambia, ni hadithi tu, watu wengi wameijia. Akatikisa kichwa. Hakuwa na hasira, alikuwa na hofu. "Bwana yangu anaachaka tonge," alisema. "Tangu aliondoka, mimi naacha. Na huyu mutoto aliniuliza vile vile, 'Mama, ni la nani?' Tulikuwa sisi wawili tu mu nyumba. Sasa weye ulikuwa wapi?"

Nilitaka yaya aseme kitu, na niliogopa atasema nini. Akauliza kwa sauti ile ile aliyoulizia habari za njia: bwana anaitwa nani. Riziki akasema Kambale. Aliondoka lini? Kabla ya mavuno ya maharagwe, akasema. Aliaga kwamba anakuja Goma kwa dada yake, atarudi na mabati, na tangu hapo simu haipatikani. Yaya akamwangalia mtoto. Akauliza ana umri gani, akajibiwa kwamba anakaribia miaka minne. Yaya alikuwa na miaka sita ya ndoa. Sikuhitaji kumtazama kujua kwamba anapiga hesabu.

"Kambale hana dada hapa Goma," akasema mwishowe. "Hapa nilikuwa mimi."

Riziki alielewa kidogo kidogo. Macho yake yalikwenda kwenye koti la mwanaume lililotundikwa ukutani, yakarudi kwa yaya, yakaenda kwenye pazia la chumba. Alianza kusimama akiomba msamaha, hakujua, Mungu ni shahidi, hakujua, na yaya akamwambia akae, chakula kiko motoni. Mimi nilitoka nje nikasimama juu ya mawe. Katika maneno sitini nilikuwa nimetunga jambo moja tu, mengine yote nilipewa, na hilo moja lilikuwa limeketi mlangoni kwetu likiomba samaki mwingine. Nimewahi kusifiwa kwa maandishi yangu. Siku ile ndiyo niliyoogopa kazi hii, na uoga wenyewe haujaniacha, nami sitaki uniache.

Riziki alilala kwetu. Jikoni, nyuma ya ubao, niliwasikia jioni ile wakilinganisha. Je, kwako pia alikuwa anasema atajenga? Alikuwa anasema atajenga. Mahali gani? Kila mmoja alikuwa na kiwanja chake. Kuna wakati yaya alilia, kuna wakati walicheka, na cheko lile lilikuwa baya kuliko kilio. Jambo lililomuumiza yaya hasa, alilisema wazi, halikuwa mwanamke wala hata mtoto. Lilikuwa kwamba miezi yote ile alikaa nyumbani asipishane na mtu ambaye hakuwa njiani. Kambale alikuwa amewaacha wote wawili. Baada ya miaka tulisikia yuko upande wa Bunia, anauza mbao, na ana nyumba, yaani na mwanamke ndani yake. Habari hiyo ilipofika yaya alikuwa anapima maharagwe na hakuacha kupima.

Asubuhi ya safari ya Riziki niliamka nikakuta yaya amevaa viatu vya kufunga, mifuko mitupu imekunjwa chini ya kwapa, beseni la samaki limegeuzwa juu chini. Wanapanda pamoja, akasema, maharagwe ya Kalengera ni mazuri na Riziki anawajua wakulima, atarudi Alhamisi. Akanipa ufunguo. Mimi, niliyekuwa nimeudhika mwaka mzima kwa kukaa kwake, ndiye niliyeshtuka. Nikamuuliza, na kama shemeji akirudi siku hizo, akakuta hupo?

Alikuwa amekwisha kumpandisha mtoto mgongoni kwake. Akakaza kitenge.

"Akikuja, umuambie mwenye nyumba ameenda kazini," akasema. "Angoje."